Kizibo cha Tano

Walikuwa wamekwisha kuvuka mto, suruali zimekunjwa mpaka magotini, maji yanawachuruzika miguuni, Jacktone alipotoa neno lililomharibia Elijah siku kabla jua halijapata nguvu.

"Si Okari apite mbele?" alisema. "Mbwa wake ndiye anajua njia. Sisi wengine tunafuata tu kama watu wa matanga."

Wanaume wakacheka. Walikuwa saba kwa mstari mmoja, wametoka upande wa Ndhiwa wanaelekea Got Rateng', kilima ambacho jina lake ni kilima cheusi, kwa sababu msitu wake ukiutazama kwa mbali hauna rangi nyingine. Mbwa watano walikuwa wakipenya katikati ya miguu yao. Elijah ndiye aliyetangulia. Begani alining'iniza pembe ya ng'ombe kwa ukanda wa ngozi, na mwenye pembe ndiye hutangulia. Ilikuwa hivyo tangu pembe ile ilipokuwa ya baba yake. Hakugeuza shingo.

"Akitaka kupita apite. Njia si ya mama yangu."

"Hapana, jaduong'," Okari alijibu kutoka nyuma kabisa, kwa lile neno la Kijaluo la kumheshimu mzee. "Mimi niko sawa huku. Nikitangulia mimi nitawapeleka Kisii."

Wakacheka tena, na kicheko hiki kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Elijah alikisikia vizuri. Siku hizo alikuwa amepata masikio ya kupima vicheko, cha nani kimezidi cha nani.

Akainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Pale kivukoni udongo ni mweusi, wa kufinyanga, unanata mkononi kama ugali ulioiva nusu. Alipoinuka alikuwa na donge lake kiganjani, na kiganja kimefumbwa.

Sasa, mtu aelewe habari ya kengele. Kila mbwa wa kuwinda upande ule huvaa kengele ya chuma shingoni, maana msitu ni mzito na macho hayafiki mbali. Watu hufuata sauti. Lakini njiani kengele hazitakiwi kulia, wanyama wasije wakaambiwa mapema. Kwa hiyo kila mtu huziba kengele ya mbwa wake kwa nyasi akiwa nyumbani. Ukingoni mwa msitu mwenye pembe, na yeye peke yake, hupita kwa kila mbwa, huchomoa kile kizibo cha nyasi, hukichomeka kwenye mwiba wa mti uliosimama pale, halafu humwachia mbwa. Mbwa akitoka msituni, mwenyewe huchukua kizibo mwibani, huziba tena, wanarudi kimya kimya. Kizibo kikibaki mwibani, maana yake kuna mbwa bado yuko ndani, na hakuna mtu anayeondoka. Miiba ikiwa mitupu, kazi imekwisha, kila mtu kwake.

Basi mbwa wa Okari, huyo aliyekuwa ameanza kumnyima Elijah usingizi, hakuwa mbwa wa kubweka. Okari alikuwa Mkisii, Msabato, mtu mpole mwenye mabega ya kubebea magunia. Alikuja Ndhiwa akitokea Suna, alikokuwa akiuza vitunguu na mke wake Mong'ina, akakodi shamba la mihogo lililopakana na boma la Elijah. Hakuja na kitu cha kumtia mtu wivu. Baiskeli, majembe, na mbwa mwekundu mwenye mkia uliojikunja kama mkono wa kikombe. Mbwa huyo Okari alimpata sokoni Suna kwa Mkuria mmoja aitwaye Maroa, kwa mkungu wa ndizi. Maroa alimwambia wazi kwamba habweki. Okari akadhani amepunjwa. Alimwita Dereva kwa sababu njia nzima ya kurudi alitaka kukaa mbele tu.

Habweki kweli, lakini pua yake ilikuwa balaa. Mbwa wengine walipokuwa wakizunguka na kupiga kelele kama wanawake wa sokoni, Dereva alikuwa ameshafika, ameshika mguu wa mnyama, ametulia, na kengele yake inatingishika pale pale mahali pamoja. Kengele ndiyo ilikuwa mdomo wake. Ukiisikia imesimama mahali, peleka mkuki.

Mbwa wa Elijah mwenyewe alikufa wakati wa mvua ya Elnino, akiwa mzee hana meno. Kwa hiyo tangu mvua zile Elijah alikuwa mwenye pembe asiye na mbwa, na hapo ndipo mambo yalipoanza kumwasha.

Kwanza ilikuwa siku. Tangu wakati wa baba yake watu waliwinda Jumamosi. Alipokuja Okari, Jumamosi ni Sabato, haendi popote ila kanisani, na Dereva naye haendi. Kina Jacktone wakawinda Jumamosi mbili bila yeye, wakarudi na sungura mmoja mkondefu. Ya tatu wakasema tuhamishe, tuwe tunakwenda Alhamisi. Wakahamisha. Desturi ya miaka yote ikahamishwa kwa sababu ya mtu mmoja na mbwa wake, na hakuna aliyemuuliza Elijah ila baada ya kukubaliana.

Halafu nyama. Mbwa akiangusha mnyama, paja la nyuma ni la mwenye mbwa. Lakini Msabato hali nguruwe mwitu, wala sungura, wala nungunungu. Akipata paja la paa anakula; hayo mengine anayagawa. Leo anampelekea mjane huyu, kesho mama yule mwenye watoto wengi. Watu wakaanza kumsifu njiani. Elijah alikuwa amegawa nyama kwa haki miaka mingi na hakuna aliyewahi kumwombea dua kwa hilo. Huyu anagawa kitu asichokila, na bado anabarikiwa.

Lakini lililomkata zaidi lilikuwa la nyumbani. Jioni moja alimkuta mkewe Phelesia amechuchumaa nje ya jiko, anakwangua ukoko wa ugali chunguni, na Dereva amekaa mbele yake kama mgeni aliyekaribishwa.

"Huyo ana kwao," Elijah alisema.

"Najua ana kwao. Ndiye alituletea ule mguu wa nguruwe wa juzi."

"Aliuleta Okari."

"Okari aliubeba," Phelesia alisema, na kumwagia mbwa ukoko. Kisha akamtazama mume wake, akamwita baba Lorine kwa Kijaluo. "Wuon Lorine, mbona unamwangalia mbwa wa watu kama amekuibia kuku?"

"Hajaniibia kuku."

"Basi ingia ule."

Akaingia akala. Lorine, binti yao, ndiye aliyemwekea maji ya kunawa, na nje alimsikia Phelesia akizungumza na yule mbwa kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia muda mrefu.

Halafu likaja la pembe. Ilikuwa kwenye pombe ya busaa, mahali ambapo Okari hakanyagi kwa ajili ya dini yake. Jacktone, ambaye ni mtoto wa baba mdogo wa Elijah na mdomo wake haujawahi kufungwa kizibo, alisema mwenye pembe bila mbwa ni kama refa aliyekuja uwanjani na watu wamesahau mpira. Watu wakaanguka kwa kucheka. Fanuel akasema, basi pembe ikae na mwenye mbwa. Mmoja akadakia kwamba Alhamisi ijayo mbwa wa Okari akiangusha wa kwanza tena, pembe ihame. Wote wakamgeukia Elijah.

"Sawa," alisema, na akacheka nao, maana mtu hawezi kukataa mbele ya watu bila kuonekana anaogopa. "Ihame."

Alhamisi yenyewe ndiyo hii.

Walipofika ukingoni jua lilikuwa limeanza kuuma. Nguruwe walikuwa wamepita usiku. Mihogo ilikuwa imefukuliwa mpaka karibu na miti, na alama za kwato zilionekana mbichi. Mti wa miiba ulikuwa pale pale. Elijah alianza kazi yake. Akachuchumaa kwa mbwa wa Fanuel, akachomoa, akachomeka mwibani. Mbwa wa Jacktone. Mbwa wengine wawili. Kila mmoja alipoachiwa alikimbia na kengele yake ikaanza kelele.

Dereva alikuwa wa mwisho. Elijah aliwapa watu mgongo. Kidole kiliingia kwenye kengele, na badala ya kuvuta, kikasukuma. Akashindilia zile nyasi kuuzunguka ulimi wa kengele, na juu yake akakandika lile donge la udongo, akalisawazisha kwa gumba. Haikuchukua muda wa kukohoa. Mbwa akamlamba kifundo cha mkono.

"Nenda," Elijah alisema.

Dereva akaingia kwenye majani kama kivuli, hana hata mchakacho.

"Asante, jaduong'," alisema Okari. "Mungu aibariki mikono yako."

Elijah akaifuta mikono hiyo kwenye suruali.

Walitawanyika. Kwa muda kidogo mambo yalikwenda alivyotaka, na alijisikia vizuri kama mtu aliyetolewa mwiba mguuni. Kengele nne zilikuwa zikikimbia huku na huku mteremkoni, na Okari alikuwa amesimama, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Dereva simsikii," alisema.

"Labda amelala," alisema Elijah.

"Dereva? Alale?"

"Mbwa ni mbwa, jirani. Kuna siku hata yeye anachoka kusifiwa."

Jacktone alicheka, na safari hii kicheko kilikuwa cha Elijah. Akakipokea. Kisha, akipinda kushoto peke yake, aliona alama za nguruwe dume, kubwa, kwato zimezama hadi nusu ya kidole, na mahali alipokojoa bado pana povu. Kazi ya mwenye pembe akiona alama kama hiyo ni kupuliza ili wenzake wazunguke. Elijah aliishika pembe akaiachia. Akipuliza watakuja wote, na Okari atakuja nao. Lakini akitoka msituni na nguruwe kama huyu begani, amemuua peke yake bila mbwa wa mtu yeyote, nani atafungua mdomo tena habari ya refa na mpira?

Akazifuata.

Got Rateng' aliijua tangu alipoanza kutembea. Aliyoijua, lakini, ilikuwa ile ya kabla ya Elnino. Mvua zile zilikuwa zimeshusha ardhi upande mzima wa nyuma wa kilima. Ule mfereji aliozoea kuuweka mkono wa kulia ulikuwa umejazwa mawe, na mwingine umechimbika mahali ambapo hapakuwa na kitu. Msongamano wa nyabende, ile miti ya maua madogo yenye harufu kali ambayo ndege wanapenda matunda yake, ulikuwa umeota juu ya kila njia, umesukana juu ya kichwa mpaka jua halionekani. Alama za nguruwe zikapotea kwenye mawe. Alipogeuka kurudi, alikotoka napo hapakuwapo.

Hakuogopa mwanzoni. Alikasirika tu. Alijiambia atashuka, maana kila mteremko unaishia mtoni. Akashuka, mteremko ukaishia kwenye ukuta wa udongo mwekundu. Akapanda, akakuta jiwe lenye ufa ambalo alikuwa ameliona. Akasikiliza kengele. Mara ilikuwa kwa mbali sana, mara si kengele, ni ndege. Alisikia kama watu wanaitana, lakini kwenye mikunjo ile ya kilima sauti huja kutoka pande zote, ukiifuata unaikuta mgongoni mwako.

Angepuliza pembe, na kuna mlio wa aliyepotea. Kila mwindaji anaujua, mifupi mifupi kama mbuzi anayekohoa. Aliupuliza mara nyingi kwa ajili ya kuwafundisha wengine. Sasa alipofikiria Jacktone anausikia, anasimama na kusema haya jamani, pembe imepotea na mwenyewe, mkono ulikataa. Akaona afadhali atembee kidogo zaidi.

Alitembea, na mguu ukateleza kwenye ukingo wa ule mfereji mpya. Akaporomoka pamoja na mawe. Alipokaa chini na kujipapasa, mifupa ilikuwa mizima, goti linavuja damu, mkuki umebaki juu huko. Pembe alikuwa ameilalia. Akaiweka mdomoni, na sasa hakujali tena Jacktone wala nani, akapuliza. Ikatoa pumzi tu. Ilikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi katikati.

Akaishika mapajani akiigeuza geuza. Kitu alichokuwa akikipigania tangu asubuhi kilikuwa kimekufa chini ya makalio yake mwenyewe.

Aliufuata mfereji kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda. Mbele kidogo, mahali ulipotokea kwenye kijia cha wanyama, akamkuta Dereva.

Mbwa alikuwa amenaswa kwenye waya. Kuna watu hutega huko kwa siri, haijulikani ni kina nani. Kitanzi kilikuwa kimemkamata mguu wa nyuma na ardhi yote kumzunguka ilikuwa imechimbwa kwa kuhangaika. Kengele ilitingishika shingoni bila sauti, kama mdomo wa mtu unayemwona ng'ambo ya mto. Alipomwona Elijah, mkia ule uliojikunja ukapiga chini.

Elijah alisimama akamtazama.

Hakuna mtu angejua. Hilo ndilo lililomjia kwanza, kabla ya jingine lolote. Waya si wake. Mbwa wangapi wamekufa kwenye waya? Akipita tu, akamwacha, kesho hakuna Dereva, na Okari ni mlima mihogo kama walima mihogo wengine, na uwindaji unarudi Jumamosi. Akaona hata uso wa Phelesia akiambiwa, akitafuta mtu wa kumpa ukoko.

Akapita.

Alitembea akijitahidi kutogeuka. Alikata nyabende kwa mikono, akapanda, akashuka, akashika njia aliyoona ni safi, ikampendeza kwa vile ilikuwa inaelekea kwenye mwanga. Mwanga ukafunguka, na hapo palikuwa na mfereji, na ardhi iliyochimbwa, na mbwa mwekundu. Mkia ukapiga chini vile vile, kama ndiyo mara ya kwanza.

"Wewe," Elijah alisema. Akakaa.

Kivuli kilikuwa kimerefuka. Alijua mwenyewe kwamba akiondoka tena atarudi tena hapa, au atafika mahali pabaya kuliko hapa. Na alijua kwamba katika kilima chote kuna kiumbe kimoja tu kinachojua njia ya kutoka, na mguu wake umo kwenye waya. Hata hapo, akiwa amekaa na goti linamuuma, alimwonea wivu. Mbwa anajua anakokwenda na kuna mtu anamngojea.

Akafungua waya. Ulikuwa umekata ngozi hadi kwenye nyama, lakini mfupa ulikuwa mzima. Dereva hakumuuma. Elijah akaitoa ngozi ya pembe, ule ukanda wa baba yake, akamfunga nao shingoni amshike asimkimbie. Kisha akageuza kengele, akachimba udongo kwa kucha, akavuta nyasi. Ulimi ukalegea, kengele ikalia mara moja, kali, akashtuka kama mtu aliyeitwa jina lake.

Alikuwa ameinua mkono akitupe kile kizibo porini, mkono ukagandia juu.

Mti wa miiba. Alikuwa amechomeka vinne. Angeweza kung'oa nyasi yoyote pale chini akachomeka kuwa cha tano, na nani angejua? Lakini wakati ule akili yake yote ilikuwa kwenye kidole kilichomo ndani ya kengele, na hilo la kuchomeka cha tano halikumjia kabisa. Vizibo vinne, mbwa watano. Mtu yeyote mwenye macho angeona.

Akakitia kile kizibo mfukoni, na tope lake. Atafika pale mtini mapema, akichomeke, basi. Watu watakuwa wametawanyika wakitafuta. "Twende," akamwambia mbwa, na mbwa akaanza kuchechemea mbele, ameukaza ukanda, kengele inalia kila akitupa mguu. Elijah alimfuata akiwa na pembe iliyopasuka mkono mmoja na ukanda mkono wa pili, kama kipofu anayepelekwa kuomba.

Walitokea ukingoni jua likiwa limekaa juu ya vilima vya Gwassi. Hapakuwa na watu wakitafuta. Hapakuwa na watu kabisa, ila Okari, amekaa chini ya ule mti wa miiba, mikono juu ya magoti. Alisimama aliposikia kengele. Mbwa akauvuta ukanda ukamtoka Elijah mkononi.

Okari alimpapasa mguu, akavua shati la ndani akaufunga.

"Waya," alisema Elijah.

"Naona."

"Wengine wako wapi?"

"Wameenda nyumbani, jaduong'. Mchana." Okari alikuwa bado amechuchumaa, anaongea huku anamtazama mbwa. "Mbwa wanne walitoka, kila mtu akachukua kizibo chake. Miiba ikabaki mitupu. Jacktone akasema basi, hakuna mbwa ndani, huyo wako ametoka zamani amekutangulia nyumbani. Mimi nikasema hajatoka. Wakaniambia angalia mti."

"Na mimi?"

"Walisema wewe umekasirika umepitia njia ya juu. Umekimbia mambo ya pembe." Akakaza fundo la shati. "Ndiyo nikaambiwa hayo mambo ya pembe. Mimi sikuwa najua. Hata kupuliza sijui."

Ilimwingia Elijah polepole: miiba mitupu ilikuwa imewarudisha watu wote nyumbani. Hakuna aliyekuwa akimtafuta. Angelala huko, na kesho, na keshokutwa, watu wakidhani amenuna.

"Kwa hiyo ulikuwa unaningoja," alisema.

Okari alifikiria. Hakuwa mtu wa kusema uongo, hata ule wa heshima.

"Nilikuwa namngoja mbwa," alisema.

Kisha akaishika kengele, akaitingisha. Ikalia. Akapitisha kidole ndani, kikatoka na alama nyeusi ya udongo wa mtoni. Akakiangalia kidole muda mrefu. Akanyoosha kiganja, bila kuinua uso.

"Kizibo, jaduong'. Tuzibe twende."

Elijah aliingiza mkono mfukoni akakitoa. Okari akakipokea, akakikung'uta udongo kwenye paja lake, akaziba kengele vizuri kama desturi inavyotaka. Akamwinua mbwa akamweka mabegani, miguu miwili huku na miwili huku, akatangulia. Elijah akafuata nyuma. Waliufikia mto, wakakunja suruali, wakavuka pale kwenye udongo mweusi, wakafika mahali njia zao zinapoachana.

"Usiku mwema, jaduong'," alisema Okari.

Kesho yake Elijah alikaa nyumbani akingoja watu waje kumuuliza habari ya ule udongo. Hakuna aliyeuliza. Jacktone alipita akitaka kujua mbwa alipatikanaje, akasema Okari amemwambia alinaswa kwenye waya, na kwamba kizibo kilianguka kutoka mwibani, basi hakikuonekana. "Na amesema wewe ndiye umemtoa," alisema Jacktone. "Amekusifu sana yule Mkisii." Phelesia, aliyekuwa akisikiliza, alimwongezea mume wake samaki.

Elijah hakuweza kumla samaki huyo; mtu asiyesema uongo alikuwa amesema mmoja kwa ajili yake. Angependelea apigwe mbele ya baraza la chifu. Mtu anakuja kutoka Suna na baiskeli, anachukua siku yako, anachukua nyama yako na ukoko wako, na mwisho anakuwa na jambo la kukumaliza mkononi, halafu analiweka tu chini kama jembe. Usiku wa siku nyingi baada ya hapo alilala akijiuliza kama yeye angeweza, na jibu alilijua, na hilo ndilo aliloendelea kumwonea Okari wivu, kuliko mbwa.

Okari alivuna mihogo ya msimu ule na mmoja uliofuata, akarudi Suna, kule mjini Migori. Yeye na Mong'ina wakafungua duka la vitunguu na viazi karibu na stendi. Dereva alichechemea hadi kufa kwake, akazikwa nyuma ya duka. Kengele yake ilifungwa mlangoni. Fanuel aliacha kuwinda, akawa anachoma makaa. Pembe alipewa Jacktone, akaziba ufa kwa nta. Ilitoa sauti ya ndama mgonjwa, lakini aliipuliza. Uwindaji ulirudi Jumamosi. Baadaye askari wa wanyamapori walianza kupita upande ule, na mteremko wa chini ukalimwa miwa, uwindaji ukaisha wenyewe. Lorine aliolewa Uriri. Phelesia anauza dagaa wa omena soko la Ndhiwa. Elijah alifuga mbwa mwingine, mweusi, anayebweka mchana kutwa bila sababu. Akienda Migori kwa shughuli zake hupita ng'ambo ya barabara, mbali na lile duka.